Mashabiki huhesabu majina, kocha huhesabu dakika

Kila mwaka, fainali ya mpira wa kikapu wa vyuo Marekani ikishapita mwanzoni mwa Aprili, mashabiki huanza ligi yao wenyewe. Ni ligi ya kupanga kikosi cha msimu ujao. Fulani arudi, fulani aondoke, yule mrefu wa chuo jirani aletwe, kijana wa mwaka wa kwanza aanzishwe. Ukichukua kalamu ukajumlisha dakika ambazo shabiki mmoja amewaahidi watu wake, mara nyingi utapata 250, hata 270. Mchezo una dakika 40 na uwanjani wanakaa watano, kwa hiyo za kugawa ni 200 tu. Hizo 50 au 70 za ziada ndizo zinazogeuka manung'uniko ifikapo Januari, pale kipenzi cha watu anapokaa benchi na kocha anaitwa kipofu.

Chukua karatasi uandike 200 juu kabisa. Mgawanyo wa kawaida unawapa wachezaji watano wa kuanza dakika 28 hadi 32 kila mmoja, jumla kama 150. Zinabaki 50 za kugawana watu watatu, au wanne ikiwa kocha ni mkarimu. Wa tisa hupata dakika nne au tano, tena siku ambayo mtu ana faulo nyingi. Wa kumi na kuendelea wapo kwa ajili ya mazoezi na kwa ajili ya kesho. Kwa hiyo orodha yenye "wachezaji kumi wanaostahili kucheza" ni orodha ya watu wawili au watatu watakaohama mwaka unaofuata.

Na kuhama siku hizi ni rahisi. Tangu Aprili 2024 mchezaji aliye sawa kimasomo anaweza kuhama mara nyingi apendavyo bila kukaa nje msimu. Mwaka 2025 dirisha la uhamisho lilikuwa la siku 30 na lilifunguliwa Machi 24, mashindano ya ubingwa wa taifa yakiwa bado yanachezwa. Sasa limefupishwa kuwa siku 15 na linafunguliwa baada ya fainali. Hapa wengi huteleza. Dirisha ni la kutia jina kwenye orodha ya wanaohama, si la kuchagua chuo. Likifungwa, aliyekwisha kutia jina anaweza kuamua Mei au Juni. Kwa hiyo shabiki anayelia "dirisha limefungwa na hatujapata senta", yule mrefu wa kucheza karibu na ringi, analia mapema mno.

Idadi nayo imebadilika. Tangu mahakama ilipoidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ya wanamichezo wa vyuo waliodai malipo, mnamo Juni 2025, vyuo vilivyojiunga na mpango huo vinaweza kuwa na wachezaji 15 wa kikapu, badala ya nafasi 13 za ufadhili walizokuwa nazo wanaume. Tena chuo kinaweza kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, kikomo kikiwa takriban dola milioni 20.5 kwa msimu wa 2025-26, fungu la michezo yote, na mpira wa miguu wa Kimarekani kwa kawaida ndio unaokula sehemu kubwa. Nafasi 15 zinasikika kama neema. Lakini dakika zimebaki 200, na hizo mbili za nyongeza hazikuja na hata dakika moja.

Mfano mzuri wa kufanyia hesabu ni Chuo Kikuu cha Florida, kiangazi cha 2025. Walikuwa wametoka kutwaa ubingwa kwa kuifunga Houston 65-63 huko San Antonio na wamemaliza msimu na ushindi 36 kwa kufungwa mara 4. Walinzi wao watatu, yaani wachezaji wa nje wanaoleta mpira mbele, Walter Clayton Jr., Alijah Martin na Will Richard, wakamaliza muda wao wa chuo na wote watatu wakachaguliwa kwenye drafti, ambako timu za NBA, ligi ya kulipwa, huchagua wachezaji wapya. Clayton alikuwa na wastani wa pointi 18.3, Martin 14.4, Richard 13.3. Jumla ni pointi 46 kwa mchezo. Denzel Aberdeen, mlinzi wa nne, naye akahamia Kentucky.

Mashabiki wengi waliishia kwenye hizo pointi 46: nani atazileta? Swali si baya, ila linaanzia katikati. Anza na dakika. Wale watatu walikuwa wanacheza dakika 30 na ushei kila mmoja, na Aberdeen kama 20. Jumla ni takriban 115. Timu inayoanza na walinzi watatu ina dakika 120 za walinzi. Maana yake Florida haikupoteza nyota watatu. Ilipoteza safu yote ya walinzi, na jikoni kukabaki jiko na sufuria bila mpishi. Huku nyuma, watu wake wakubwa wanne, warefu wa kucheza karibu na ringi, Alex Condon, Thomas Haugh, Rueben Chinyelu na Micah Handlogten, wote walirudi. Condon alikuwa ametia jina kwenye drafti akalitoa.

Kuna njia mbili za kujaza pengo la namna hiyo. Ya kwanza ni kutafuta walinzi wanne wapya na kuendelea na mfumo uleule. Ya pili ni kulipunguza pengo lenyewe. Kocha Todd Golden alichukua ya pili. Haugh, mwenye futi 6 na inchi 9, alisogezwa nje acheze nafasi ya tatu, iliyokuwa ya mlinzi, pamoja na Condon na Chinyelu. Kwa hatua hiyo moja, dakika 30 hivi zilihama kutoka kwa walinzi kwenda kwa watu wakubwa, na mahitaji ya walinzi yakashuka kutoka 120 hadi karibu 90. Boogie Fland akaletwa kutoka Arkansas na Xaivian Lee kutoka Princeton. Wape 32 kila mmoja, zinabaki 26 za akiba. Kwenye karatasi limekaa sawa.

Karatasi haina ringi, lakini. Chinyelu hatupi kutoka mbali kabisa. Condon hutupa kidogo. Kwa hiyo mitupo ya pointi tatu ilikuwa lazima itoke kwa Fland, Lee na Haugh, na wale walinzi wawili walitoka vyuo vyao wakiingiza kati ya asilimia 33 na 37. Linganisha na Clayton, aliyetupa karibu mitupo 8 ya mbali kwa mchezo na kuingiza karibu asilimia 39, mingi akiwa anakimbia huku amekabwa. Piga hesabu: timu ikitupa mitupo 24 ya mbali kwa asilimia 36, inapata pointi 26 hivi. Ikishuka hadi asilimia 30, inapata 21 au 22. Tofauti ni pointi 4 na kitu kwa usiku mmoja.

Florida ilifungua msimu kwa kufungwa na Arizona 93-87 huko Las Vegas. Kabla ya Krismasi ilikuwa imeshapoteza michezo minne, idadi ileile ya msimu mzima wa ubingwa, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliozidi tofauti ya pointi 6. Mitupo ya mbali ilikataa. Waliosema "walinzi wapya ni wabovu" waliona dalili tu. Tatizo ni kwamba wale walinzi walipewa kazi ya watu watatu mahali ambapo njia ya kwenda kwenye ringi imejaa watu.

Hilo la njia kujaa linahitaji maelezo, maana wanaotazama NBA usiku na vyuo wikendi hulichanganya. NBA ina sheria ya sekunde tatu kwa anayekaba: huwezi kusimama chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu. Vyuo havina sheria hiyo. Senta wa wapinzani anaweza kumwacha mtu wake asiyetupa, akapiga kambi mbele ya ringi shambulizi zima. Ukiwa na mmoja asiyetupa, unaweza kumficha: unampa kazi ya kumwekea mwenzake kizuizi, kisha anateleza kwenda ringini. Ukiwa na wawili, wapinzani wana watu wawili wa kumsubiri mlinzi wako kila anapoingia ndani. Kwa hiyo unapopanga kikosi chako cha ndoto, usihesabu watupaji ulio nao. Hesabu wasiotupa walio uwanjani kwa wakati mmoja. Wawili wana bei, na bei hiyo lazima irudishwe kwa ribaundi za mashambulizi, yaani kuokota mipira mliyokosa kuiingiza, na kwa ulinzi. Florida walikuwa na ribaundi za kuirudisha. Timu nyingi hazina.

Sasa, takwimu za utupaji zenyewe. Kila Mei utasikia: "Huyu ana asilimia 38, yule 33, kwa nini tunamchukua wa 33?" Uliza kwanza wametupa mara ngapi. Mtu ambaye uwezo wake halisi ni asilimia 36, akitupa mara 100 tu, anaweza kumaliza msimu na 31 au na 41 kwa bahati peke yake, bila kubadilika chochote kwenye mkono wake. Mitupo 100 ni msimu mzima wa mchezaji wa akiba. Kwa hiyo 38 na 33 za mitupo 100 zinaweza kuwa mtu mmoja katika miaka miwili tofauti. Kitu bora cha kutazama ni mitupo huru, kwa sababu hakuna anayekukaba na umbali haubadiliki. Mchezaji mwenye asilimia 85 kwenye mitupo huru na 32 kutoka mbali ana mkono mzuri uliopata mwaka mbaya, au mwenye kutupa mitupo migumu. Mwenye 62 na 38, mwogope. Kisha tazama aina ya mtupo: aliyesimama kona akingoja pasi na aliyejitengenezea mwenyewe baada ya kupiga dribo nne hawafanani, hata kama takwimu zimewaandika sawa.

Tukija kwenye mgawanyo wa kazi, hapo ndipo ubishi unapokuwa mtamu na ndipo unapoharibika zaidi. Mpira ni mmoja. Kila shambulizi humalizwa na mtu mmoja: ametupa, amefanyiwa faulo akaenda kutupa mitupo huru, au ameupoteza. Wachambuzi huita hiyo matumizi, na watano walio uwanjani jumla yao ni asilimia 100, wastani 20 kila mmoja. Unaweza kuikokotoa mwenyewe kutoka kwenye karatasi ya matokeo. Mtu aliyecheza dakika 30, akatupa mara 10, akapata mitupo huru 4, akapoteza mpira mara 2: chukua 10, ongeza 4 mara 0.475 ambayo ni 1.9, ongeza 2. Unapata 13.9. Timu ikiwa na mashambulizi 70, katika dakika zake 30 ilikuwa na 52 na nusu. Gawanya: asilimia 26 na nusu. Huyo ni mtu mkuu.

Basi chuo kinasajili wachezaji watatu ambao kila mmoja alikuwa na 27 alikotoka, kinawaunganisha na wawili waliobaki wenye 20 na 19. Jumla 120. Mashabiki wanashangilia. Asilimia 20 lazima ife mahali, na haifi kwa usawa. Kwa kawaida mmoja anabaki na mpira, wa pili anajifunza kutupa akiwa amesimama, wa tatu ananuna. Methali ya mafahali wawili na zizi moja hutajwa sana hapa, na si kweli kila mara. Mafahali wawili wanakaa vizuri ikiwa mmoja anajua kucheza bila mpira: kukimbia nyuma ya vizuizi, kukata kwenda ringini, kutupa papo hapo akipokea. Hicho ndicho cha kutafuta kwenye video, wala si mkusanyiko wa danki.

Tazama Sion James. Akiwa Tulane alikuwa na wastani wa pointi 14. Alipohamia Duke msimu wa 2024-25 akashuka hadi 8.6. Kwa anayesoma namba peke yake, huyo alififia. Kilichotokea ni kwamba Duke tayari ilikuwa na Cooper Flagg na Kon Knueppel wa kumaliza mashambulizi, James akapewa kazi ya kumkaba mlinzi hatari wa wapinzani na kutupa pale alipoachwa wazi. Aliingiza zaidi ya asilimia 40 kutoka mbali, kisha akachaguliwa wa 33 kwenye drafti. Wote watano walioanza Duke mwaka ule walichaguliwa. Mmoja wao ni Khaman Maluach, Msudan Kusini aliyekulia Uganda na aliyeanza kikapu huko, kabla ya kwenda akademia ya NBA huko Senegal. Pointi zake nazo zilikuwa 8.6, kwa dakika 21. Kazi yake iliandikwa kwa mstari mmoja: weka kizuizi, kimbilia ringi, zuia. Aliingiza asilimia 71 ya mitupo yake kwa sababu hakuombwa atupe mitupo mingine. Akachaguliwa wa 10.

Kinyume chake ni mchezaji mzuri wa kazi ndogo anayepandishwa cheo kwa sababu tu waliomtangulia wameondoka. Mashabiki hupenda sana hesabu ya kuzidisha: alifunga pointi 7 kwa dakika 14, tumpe 28 atafunga 14. Haiendi hivyo. Katika zile 14 alikutana na akiba wa wapinzani, alitupa alipoachwa, na hakuna aliyeandaa mpango wa kumzuia. Akipewa 28 anakutana na mkabaji bora wa wapinzani kila usiku, na mitupo ya nyongeza ni ile migumu ambayo zamani ilikuwa ya mwenzake. Ribaundi na bloku, yaani mitupo ya wapinzani unayoizuia, hupanda vizuri na dakika. Utupaji na utunzaji wa mpira haupandi.

Hali hiyo ilionekana waziwazi South Carolina, timu ya wanawake ya kocha Dawn Staley, na mashabiki wa huku kwetu wana sababu ya kuifuatilia. Msimu wa 2024-25 walifika fainali wakafungwa na UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, 82-59. Aliyeongoza kwa pointi ni Joyce Edwards, wa mwaka wa kwanza, kwa wastani wa 12.7. Soma hiyo namba tena. Timu iliyocheza fainali, na mfungaji wake mkuu hafiki 13. Ule ni mfumo wa kugawana: watu wengi, dakika chache, ulinzi mkali, hakuna mwenye mpira peke yake. MiLaysia Fulwiley alikuwa anatokea benchi na kufunga karibu pointi 12 kwa dakika zisizofika 19, na ubishi wa "aanze au asianze" ulidumu miaka miwili. Mwisho wake akahamia LSU, chuo cha Louisiana. Walioshika upande wa "aanze" waliona wamethibitishwa, nami naona swali lao lilikuwa la pembeni. Kuanza ni heshima. Dakika ndizo kazi. Kati ya kuanza na kucheza 19 na kutoka benchi na kucheza 26, mchezaji mwenye akili anachukua ya pili.

Pamoja naye waliondoka Te-Hina Paopao, Sania Feagin na Bree Hall waliomaliza chuo. Karibu pointi 35 kwa mchezo zikatoka mlangoni. Akaingia Ta'Niya Latson kutoka Florida State, aliyekuwa ameongoza nchi nzima kwa wastani wa pointi 25.2. Papo hapo orodha za mashabiki zikawa na Latson wa 25, Edwards wa 18, Tessa Johnson wa 14, na kadhalika hadi timu inafunga 120. Latson wa Florida State alikuwa na mpira mkononi karibu kila shambulizi. Kwa Staley, ambaye hata mfungaji wake mkuu hakufika 13, kumwandikia 25 ni kuandika chuo kingine. Swali la maana kwake lilikuwa jingine: akipunguziwa mitupo mitano au sita kwa mchezo, ile anayoacha ni mibaya au mizuri? Nyota akipunguza mitupo mibaya, asilimia yake hupanda na timu inanufaika mara mbili.

Mgeni mwingine alikuwa Madina Okot, Mkenya mwenye futi 6 na inchi 6, aliyetokea Zetech University akaenda Mississippi State na kucheza huko msimu mmoja: pointi 11.3 na ribaundi 9.6. Kwa mtazamo wa kupanga kikosi, huu ulikuwa usajili wenye shaka kidogo kuliko wa Latson, ingawa haukupigiwa kelele kama ule. Mississippi State na South Carolina wako kwenye ligi moja, SEC. Ribaundi 9.6 alizikusanya dhidi ya miili ileile atakayokutana nayo tena. Mchezaji anayepanda kutoka ligi ndogo unampunguzia matarajio kwanza kwenye umaliziaji wa karibu na ringi, kwa sababu huko alikotoka hakukuwa na watu wa futi 6 na inchi 10 wa kumsubiri. Kisha kwenye mipira anayopoteza, kwa sababu mikono ni mirefu na pasi iliyokuwa wazi sasa inapokwa. Lee wa Princeton alikuwa na safari hiyo ya kupanda. Okot hakuwa nayo.

Kwake kulikuwa na jambo jingine ambalo mashabiki wanaopanga ofa za pesa za kuvutia wachezaji hulisahau. Wachezaji wengi wa kigeni wako Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na viza hiyo inabana kazi za nje ya chuo. Mkataba wa tangazo ambao mwenzake Mmarekani anausaini kwa simu, kwake unaweza kuhatarisha viza. Kwa hiyo "tutampa hela kuliko wao" si hoja nyepesi kwa kijana kutoka Nairobi au Kampala kama ilivyo kwa wa Atlanta.

Lakini turudi kwenye dakika, maana hapa ndipo karatasi ya South Carolina ilipochanika. Nafasi mbili za ndani zina dakika 80. Mei 2025 mpango ulionekana mnono: Edwards, Chloe Kitts, Okot, pengine Ashlyn Watkins akipona goti aliloumia Januari 2025, halafu Maryam Dauda na Adhel Tac nyuma yao. Watu sita kwa dakika 80. Mashabiki walikuwa wanabishana nani atalia njaa.

Kwanza ikatangazwa kwamba Watkins hatacheza msimu huo. Kisha, kabla msimu haujaanza, Kitts naye akaumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Sita wakawa wanne. Sasa fanya hesabu ya faulo, ambayo ndiyo hesabu inayowaangusha watu wakubwa. Mchezaji hutoka kwa faulo ya tano. Senta anayefanya faulo 5 kwa kila dakika 40 ana nafasi ya kumaliza mchezo. Anayefanya 7 kwa kila 40 anafikisha ya tano dakika ya 28 au 29, na kwa kuwa makocha wengi humkalisha mwenye faulo mbili kipindi cha kwanza hadi mapumziko, dakika zake halisi zitakuwa 20 hivi. Mpe Edwards 31 na Okot 26. Zinabaki 23. Usiku ambao Okot amepata faulo mbili ndani ya dakika sita za mwanzo, zinakuwa 33 au zaidi, na zote zinaangukia kwa watu wawili ambao msimu uliopita walikuwa mwisho wa benchi.

Wapenzi wa kikapu wa Dar wanaomkumbuka Mtanzania Hasheem Thabeet akiwa UConn msimu wa 2008-09, bloku 4.2 kwa mchezo, wanajua jambo hili kutoka upande wa pili: ulinzi wote wa timu ulijengwa juu ya mtu mmoja kubaki uwanjani. Kila mpinzani aliyekuwa na kocha mwenye akili alijaribu kumpatia faulo mapema. Thabeet alikaa UConn misimu mitatu. Leo mtu wa aina ile angepigiwa simu na vyuo kumi kila Aprili.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako, baada ya kugawa 200, futa jina moja la ndani, bila kuchagua, ugawe upya. Kama mgawanyo mpya unakulazimisha kumpa dakika 20 mtu ambaye ungeogopa kumwona uwanjani Machi, kwenye mashindano ya ubingwa, usajili wako haujaisha, hata kama una nyota wa pointi 25. Fanya hivyohivyo kwa mlinzi anayeleta mpira mbele. Fland, kwa mfano, alifanyiwa upasuaji wa kidole gumba Januari 2025 akiwa Arkansas na akarudi wakati wa mashindano tu; anayemwandikia dakika 34 kwa michezo yote anaandika kwa matumaini.

South Carolina hawakuwa na haja ya kufuta jina kwa kalamu, majeraha yaliwafutia mawili. Msimu ukiwa katikati wakamwongeza Alicia Tournebize, Mfaransa mwenye futi 6 na inchi 7, kwa ajili ya zile dakika za ndani. Katika orodha zote za Aprili zilizogawa dakika 250, jina lake halikuwemo.